Vocha za dharura zinaisha, hawa wapangaji nawaandaaje jamani?

mama_wa_mafaili

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu saivi na usingizi wenyewe siuoni. Niko Marekani, nafanya kazi kwenye shirika dogo linalosaidia watu waliotoka kwenye makazi ya dharura waingie nyumba za kupanga, na kwa vile naongea Kiswahili ndo napewa watu wetu, wengi Wakongo, Warundi wapo, Watanzania wawili. Nina familia 14 wanaokaa kwa ile vocha ya dharura, EHV, iliyotoka 2021 kipindi cha korona kwenye sheria ya American Rescue Plan, bilioni 5 za dola, vocha kama 70,000 nchi nzima. Kwa asiyeijua ni kwamba mpangaji analipa kama asilimia 30 ya kipato chake, kinachobaki ofisi ya hausing, yaani ofisi ya eneo inayosimamia misaada ya nyumba, inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja.

Sasa hawa watu waliambiwa, na mimi mwenyewe niliwaambia kwa mdomo wangu huu, kwamba pesa ipo mpaka 2030 kwa sababu sheria ndo ilivyoandikwa. Kumbe huo ni mwaka wa mwisho wa kuitumia, siyo ahadi kwamba itafika huko. Kodi zikapanda kila mahali, pesa ikaliwa mbio kuliko hesabu, Machi 2025 HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, wakaziandikia ofisi za hausing kwamba fungu wanalopewa ndo la mwisho wasitegemee lingine. Ofisi yetu hapa inakadiria itafika mwishoni mwa 2026, ila wanasema inaweza kuwa kabla. Barua kwa wapangaji bado haijatoka.

Bosi wangu anataka mkutano mmoja, wote 14 ukumbini, tutangaze, tugawe karatasi, watu waende nyumbani. Mi moyo unakataa. Kuna mama mmoja anafua mashuka hotelini, watoto wanne, kodi ya nyumba ni dola 1,520 kwa mwezi na yeye analipa 391. Juzi nikajaribu kumgusia kidogo tu akaniangalia akasema "mwanangu, Mungu aliyenipa nyumba hii hawezi kuninyang'anya", mi nikamalizia chai yangu nikaaga. Sasa huyo unamwambiaje ukumbini mbele za watu?

Niwaambie saivi au nisubiri barua? Na nikianza naanzia na lipi, maana mambo ni mengi mpaka sijui kichwa ni wapi.

pole_pole_77

Dada pole sana. Mimi ningesubiri barua. Nimeshaona watu wakitishwa mapema, mmoja alisikia tetesi tu kwamba msaada unakatwa, akahama usiku na watoto akaenda kubanana kwa shemeji yake jimbo lingine, msaada wenyewe ukaja kukatwa miezi tisa baadaye. Miezi tisa ya kodi kaiacha mezani. Na vocha akaipoteza kwa sababu hakuaga. Habari mbaya isiyo na tarehe ni sumu, subiri tarehe.

nilikaa_kaunta

Pole_pole nakuelewa ila hapana. Mi nilifanya kazi ofisi ya hausing miaka sita (nimeshatoka, msiniombe mniingize kwenye listi 😅) na nakuambia barua ikishatoka muda uliobaki unakuwa wa kukimbizana, wakati vitu vinavyookoa watu vinataka miezi. Waambie saivi. Ila mmoja mmoja, nyumbani kwake, na kitu cha kwanza kumwambia ni "USIHAME, endelea kulipa sehemu yako". Hilo ndo lingemuokoa yule wa shemeji.

Halafu kuna kitu nataka ukijue kabla hujafungua mdomo, maana hata wafanyakazi wengi hawakijui. Chukua mkataba wa mpangaji wako yeyote, nyuma yake kuna kiambatisho cha HUD, kinaitwa HUD-52641-A, kila mwenye vocha anacho. Humo ndani imeandikwa kwamba mkataba kati ya ofisi na mwenye nyumba ukivunjika kwa sababu yoyote ile, mkataba wa mpangaji nao unakufa hapohapo wenyewe. Na ofisi inaruhusiwa kuuvunja pesa ikiisha. Kwa hiyo siku vocha inaisha mama yako wa mashuka hadaiwi tu 1,520 badala ya 391, anakuwa hana mkataba kabisa. Mwenye nyumba bado lazima apite mahakamani kumtoa, hawezi kuamka akabadilisha kufuli, lakini mama anakuwa amesimama hewani. Ndo maana mi nasema kichwa cha jambo ni hapo, mazungumzo na mwenye nyumba juu ya mkataba MPYA, mengine yote yanafuata. Watu wanakimbilia kutafuta programu nyingine, wanazunguka ofisi kumi, mwenye nyumba wa watu hata hajui kuna nini, anakuja kushtuka hela haijaingia.

La pili, kwenye kuongea na mwenye nyumba kuna mtego. Vocha ikiwa bado hai mpangaji HARUHUSIWI kumuongezea mwenye nyumba hela ya pembeni juu ya sehemu aliyopangiwa. Nimeona mtu ana nia nzuri kabisa, kasikia vocha inaisha akaanza kumpa baba mwenye nyumba 200 kila mwezi mkononi eti anajizoesha, ofisi ikajua, ikawa kesi kwa wote wawili. Kujizoesha ni sawa ila hela iende kwenye akaunti yake mwenyewe.

Na hapo napo kuna mtego ndani ya mtego 🤦🏾‍♂️ mtu wa SSI, ile hela ya kila mwezi serikali inayowapa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Akaunti ya mtu mmoja wa SSI ikizidi dola 2,000 anakatwa SSI yenyewe, wanandoa 3,000. Kwa hiyo ukisimama ukumbini ukasema "jamani wekeni akiba" umemsaidia anayefanya kazi na umemuumiza mzee wa kiti cha magurudumu. Ndo sababu nyingine ya kutofanya mkutano.

La tatu, foleni. Iulize ofisi yenu swali hili kwa maandishi: mna mpango gani wa kuwahamishia hawa kwenye Section 8 ya kawaida, yaani ile vocha ya kodi isiyo ya dharura? Ofisi inaruhusiwa kuweka kipaumbele kwa watu wa EHV kwenye foleni yake, zingine zimeweka, zingine zinasema hata hizo vocha za kawaida hela haitoshi. Usikubali jibu la kwenye simu. Na kama kipaumbele kipo, uliza wanaingizwa wenyewe au lazima waombe, maana hilo neno moja tu linaweza kumwacha mtu nje.

Nina mengine ila niko kwenye basi.

kijana_mtafsiri

Shikamooni. Mi niseme upande wa mtoto wa hiyo familia maana ndo nilikuwa mimi. Mama yangu alikuwa na mfuko wa plastiki ananing'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, barua zote zinaingia humo, ya umeme, ya shule, ya pizza, ya serikali, zote sawa. Jumamosi nikiwa free ananipa mfuko mzima nimsomee, nilikuwa na miaka 13, nasoma ile mistari ya juu nasema "hii siyo kitu, hii siyo kitu." Mojawapo ya hizo "siyo kitu" ilikuwa ofisi ya hausing inauliza kama bado tunataka kubaki kwenye foleni, tujibu ndani ya siku kadhaa. Hatukujibu. Tulikuwa tumesubiri miaka minne. Tukafutwa. Mama hajawahi kunisema hata siku moja lkn mi najua.

Kwa hiyo dada ukienda kwa hizo familia 14 omba uone barua ziko wapi. Zitakuwa kwenye mfuko, au juu ya friji, au chini ya godoro. Kaa chini zipitie zote ndo uanze kuongea mambo ya vocha. Na usimtumie mtoto kutafsiri hii habari please. Kuna vitu mtoto hatakiwi kuwa wa kwanza kuvijua ndani ya nyumba.

pole_pole_77

Kijana umeniliza. Na kaunta kwenye lile la "usihame" naungana na wewe, sikulifikiria.

baba_nyumba_mbili

Salaam. Mimi ni mwenye nyumba, siyo tajiri, nina nyumba mbili tu na moja ni ya mkopo wa benki. Nilishakuwa na mpangaji aliyesaidiwa na ile misaada ya kodi ya wakati wa korona, siyo hii vocha, ile ya ERA ambayo serikali ilitoa bilioni 25 halafu ikaongeza bilioni 21 na kitu, sehemu ya mwisho ilifungwa Septemba 30, 2025. Ule msaada ulikuwa na kikomo cha miezi 18 kwa familia. Yeye alijua miezi yake inaisha, shirika lililomsaidia lilijua, mimi ndiye sikujua. Tarehe 5 ikapita, tarehe 10, nampigia hapokei. Kumbe ananiogopa. Nilifungua kesi mahakamani tarehe 20 kwa sababu benki nayo hainiulizi habari za mtu. Angeniambia miezi mitatu kabla ningemshushia kodi, kweli kabisa, kwa sababu nyumba ikikaa tupu mwezi na nusu, ukapaka rangi, ukatangaza, hasara yake ni kubwa kuliko kumpunguzia mtu ninayemjua 150 kwa mwezi. Alihama kabla ya siku ya hukumu, lakini ile kesi kufunguliwa tu ilibaki kwenye rekodi yake na nasikia alikataliwa nyumba mbili kwa sababu hiyo. Inaniuma mpaka leo.

Mwambieni mwenye nyumba mapema. Siyo wote watakaokubali, wapo watakaosema ondoka. Lakini huyo atakayesema ondoka leo angesema ondoka hata siku ile, bora ujue ukiwa na miezi kumi mkononi.

mama_wa_mafaili

Asanteni sana sana jamani. Nimesoma zote nikamwonyesha bosi ile ya SSI, kakaa kimya kidogo akasema haya fanya nyumba kwa nyumba. Mkutano umefutwa 🙌🏾

Jana nikaanza na mama wa mashuka. Nikafanya kama kijana alivyosema, nikauliza barua. Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, nyingine hazijafunguliwa, tukatoa moja moja tukapanga mezani, za kutupa huku za kuweka kule, imechukua saa nzima. Kati ya hizo ipo ya mwezi wa nane ya ofisi ikimtaka apeleke karatasi za mshahara, na ndo nikagundua hotelini wamempunguzia masaa tangu mwezi wa saba ila ofisini hajasema, kwa hiyo hiyo 391 anayolipa ni ya kipato cha zamani! Nimempeleka leo asubuhi kuomba wapige hesabu upya.

Halafu ndo nikamwambia. Nilichukua karatasi nikaandika 1,520 juu, chini yake 391, nikachora mstari, nikaandika 1,129, nikamwambia mama hii ya chini ndo serikali inalipa kila mwezi na hii ndo itakayokuja kuisha. Alikuwa hajawahi kuiona hiyo namba. Miaka minne yumo ndani ya nyumba hajawahi kujua kodi nzima ni shilingi ngapi, alidhani nyumba ni ya 391. Akaishika ile karatasi akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Hakulia. Akaniuliza "mwenye nyumba anajua?" Nikasema bado. Akasema "basi twende tumwambie mimi na wewe, ana mke mzuri." Yaani mi ndo nimekaa wiki tatu silali yeye kaingia kwenye mpango dakika tano.

Swali sasa. Wa pili kwenye listi ni mzee wa peke yake, yuko SSI, mwaka huu wa 2025 anapata 967 kwa mwezi, Januari 2026 itapanda kuwa 994, kodi yake ni 1,080. Hapa hata mwenye nyumba akipunguza 150 haisaidii kitu. Huyu namwambia nini? Siwezi kwenda na karatasi ya namba kwa huyu.

nilikaa_kaunta

Dada hongera, na hilo la masaa ya hotelini limekuja kwa sababu ulifungua kopo. Angalia kwa wote 14, kipato kikishuka ofisi inatakiwa ijue, sehemu yake inapungua, na ile tofauti ndo akiba ya kuanzia.

Kwa mzee, uko sahihi, hakuna bajeti inayomtoa mtu wa 994 kwenye kodi ya 1,080, anayemwambia apunguze matumizi amchekeshe mwingine. Huyo ni mtu wa kuhamia kwenye nyumba ambayo kodi yenyewe inafuata kipato, kwa hiyo kwake kazi ni foleni na ndo inaanza leo siyo mwakani. Ana miaka mingapi? Kama kafika 62 kuna majengo ya wazee ya Section 202, analipa asilimia 30 kama anavyolipa saivi. Kama ana ulemavu na hajafika umri huo kuna majengo ya Section 811. Majengo ya umma ya ofisi yenyewe ya hausing, hayo mara nyingi yana foleni yake tofauti na ya vocha, watu wanadhani ukiomba moja umeomba yote. Kama aliwahi kuwa jeshi la Marekani kuna HUD-VASH, vocha ya waliokuwa wanajeshi. Majengo mengi kila moja lina fomu yake na foleni yake, weka daftari, jengo gani, tarehe gani, nani alipokea simu.

Ila angalia usimchanganye na yale majengo mapya ya nafuu ya LIHTC, yale yanayojengwa kwa wawekezaji kusamehewa kodi (ya serikali, siyo ya nyumba, Kiswahili nacho kinatuchanganya). Yanaitwa ya nafuu na ni ya nafuu kweli ila kodi yake inapigwa kwa kipato cha eneo zima, siyo cha mzee. Kwa mama wa mashuka yanaweza kufaa, kwa mzee bila vocha anaweza kukuta ni zaidi ya hela yake yote.

Akiba kwake isivuke 2,000 kama nilivyosema, isipokuwa ulemavu wake ulimpata kabla ya umri fulani, kuna akaunti inaitwa ABLE ambayo SSI haiihesabu mpaka laki moja ya dola. Zamani ilikuwa lazima ulemavu uwe umeanza kabla ya miaka 26, kuanzia Januari 2026 ni kabla ya miaka 46. Uliza ulemavu wake ulianza akiwa na miaka mingapi.

Na kwenye kila fomu weka anwani ya ofisi yenu kama ya pili wakikubali. Akija kuhama barua ikienda anwani ya zamani tunarudi kwenye mfuko wa nyuma ya mlango.

mama_wa_mafaili

Atafikisha 62 mwezi wa nne. Kupooza kulimpata akiwa na 44, kwa hiyo hiyo ABLE ya Januari inamhusu!! Sikuwahi kuisikia.

nilikaa_kaunta

Basi anza kupiga simu kwenye hayo majengo wiki hii, uliza kila moja kama wanapokea fomu ya mtu ambaye hajatimiza 62, wengine watakwambia aje mwezi wa nne na wengine watakwambia lete. Na hiyo 44 iwe na karatasi ya daktari.

kijana_mtafsiri

Dada kama kuna barua za kutafsiri nipo, jioni baada ya saa moja. Bure.

mama_wa_mafaili

Mungu akubariki mdogo wangu, nakutumia ujumbe pembeni. Baba_nyumba_mbili, Jumatano tunaenda na mama kwa mwenye nyumba wake na nataka tumtangulizie barua fupi. Wewe ungekuwa ndo unapokea ungetaka kuona nini humo?

baba_nyumba_mbili

Fupi kweli, nusu ukurasa. Tarehe vocha inapotegemewa kuisha hata kama ni ya kukisia, aandike ni makadirio. Kwamba mpaka siku hiyo malipo yanaendelea kama kawaida, hapo moyo wangu unatulia. Miaka aliyokaa na kwamba hajawahi kuchelewa sehemu yake, kama ni kweli. Halafu kiasi anachoweza kulipa peke yake kuanzia siku hiyo, namba moja, siyo "kadiri ya uwezo", na kama anaomba mkataba mpya wa mwaka au wa mwezi kwa mwezi. Asianze na shida za watoto, hizo nitaziona nikimtembelea. Na waende jioni, mchana huyo baba atakuwa kazini kama mimi.